Mstari wa Chaki pale Isinya

Mwaka wa 2002, mwezi wa pili, shirika letu lilinipeleka Nairobi kwenye hoteli yenye zulia mpaka chooni, nikafundishwe jinsi ya kuwafundisha watu wa Kajiado habari za Ukimwi. Kabla ya hapo nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi kwa miaka tisa, na nilidhani kufundisha nakujua kidogo. Siku ya kwanza tu nilielezwa kwamba sijui.

Mtaalamu aliyetufunza, bwana mmoja mwenye miwani iliyoning'inia kwa kamba shingoni, alichora maduara matatu ubaoni. Lile la ndani aliliita starehe. La katikati akaliita mafunzo, la nje akaliita hofu. "Mtu akiwa anastarehe hajifunzi chochote," alisema. "Kazi yenu ni kumtoa humo." Sisi wanafunzi wake ishirini na wawili, tuliokuwa tumekalia viti vya sponji tukitafuna biskuti, tuliandika maneno hayo yote bila kukosa hata nukta.

Naitwa Mwanzia. Wakati huo nilikuwa na miaka thelathini na minne, mke anayeitwa Ndanu, na nyumba ya kupanga ya vyumba viwili nyuma ya soko la Kitengela. Nilirudi kutoka Nairobi na cheti, fulana, kitabu cha mwongozo na imani kubwa. Ndanu alikishika cheti kwa ncha za vidole maana alikuwa anapika. "Mwezeshaji Aliyehitimu," akasoma. "Unamwezesha nani?"

"Jamii."

"Jamii ijipange basi," akasema, akageukia sufuria yake.

Warsha yangu ya kwanza baada ya cheti ilikuwa Isinya, mwezi wa tano, ndani ya kanisa la mabati. Washiriki walikuwa ishirini na wanane, wengi Wamaasai wa hapo hapo na wachache waliokuja kufanya kazi kwenye mashamba ya maua. Nilikuwa na mwenzangu, Phylis, ambaye kazi yake ilikuwa kuandika ripoti. Phylis alikuwa amehudhuria warsha nyingi kuliko mtu yeyote ninayemjua na hakuna hata moja iliyombadilisha. Nilimhurumia sana.

Nilianza na mchezo wa kuchangamsha. Kila mtu alipaswa kusimama, aseme jina lake, kisha aseme yeye ni mnyama gani na aige mlio wake. Wafanyakazi wa maua walibweka na kulia kama paka, ili wamalize haraka. Zamu ikamfikia mzee Sankale. Alikuwa mzee wa kanisa, mrefu, mwenye kofia ya sufu na koti juu ya shuka.

"Mimi ni Sankale," akasema.

"Na mnyama, mzee?"

"Niko na ng'ombe."

"Hapana, si mnyama uko naye. Wewe mwenyewe, ungekuwa mnyama gani?"

Alinitazama kwa muda, kama mtu anayeangalia ndama aliyezaliwa vibaya. "Mimi?" akasema. "Mimi ni mtu." Akaketi.

Kwenye daftari langu niliandika: *upinzani*.

Baada ya mchezo niliwahesabu moja, mbili, tatu, nne, ili wagawanyike katika vikundi bila kujuana sana. Kikundi cha namba mbili kikawa na mzee Sankale, na pia Nashipae, mke wa mtoto wake. Kazi ya kikundi ilikuwa kuorodhesha kwenye karatasi kubwa njia zote ambazo ugonjwa huambukizwa, kwa kutaja viungo vya mwili kwa majina yake halisi, bila kufichaficha. Niliweka kalamu nene nyekundu mkononi mwa Nashipae mimi mwenyewe, kwa sababu mwongozo ulisema wanawake wapewe kalamu. Nashipae aliishika kalamu ile kama nimempa nyoka. Alivuta leso yake kichwani mpaka ikafunika macho, akageukia ukuta.

Mzee Sankale akasimama. "Mwalimu, naenda kuangalia mbuzi."

"Mbuzi wako wapi, mzee?"

"Ndiyo naenda kuangalia."

Akatoka. Hakurudi siku hiyo.

Ningependa kusema kwamba sikuelewa. Mgeni angeweza kusema hivyo, lakini mimi ni Mkamba. Kwetu mtu na mama mkwe wake hawakutani njiani hivi hivi. Nikimwona mama yake Ndanu anakuja upande huu, mimi huingia kichakani, hata kama kichaka chenyewe ni cha miiba. Mtu angenipa kalamu nyekundu mbele ya mama yule na kuniambia nitaje viungo, ningekimbia mpaka Namanga. Kwa hivyo nilijua vizuri kabisa kilichompata mzee yule na mke wa mwanawe. Lakini nilikuwa na cheti.

Mchana, baada ya wali na soda, tukafika kwenye sehemu niliyoipenda zaidi. Mchezo wenyewe uliitwa Vuka Mstari. Nilichora mstari wa chaki katikati ya sakafu ya kanisa, nikawapanga washiriki wote upande mmoja. Mimi nasema jambo. Kama ni kweli kwako, unavuka. Hakuna kueleza, hakuna kujitetea, unavuka tu.

"Vuka kama uko na watoto." Karibu wote wakavuka, wakacheka, wakarudi.

"Vuka kama ulikunywa chai asubuhi." Wakavuka tena.

"Vuka kama unamjua mtu aliyekufa kwa Ukimwi."

Hakuna aliyevuka. Wiki iliyotangulia kulikuwa na mazishi mawili pale pale, moja la kifua na jingine la malaria, kama ilivyosemwa siku zote.

"Vuka kama umewahi kupimwa."

Kimya. Sasa, kuhusu kimya, mwongozo ulikuwa na ukurasa mzima. Ulisema mwezeshaji asikiogope. Ahesabu moyoni hadi thelathini huku akiwatazama washiriki usoni. Na chini yake, kwa herufi nzito: *Usiwaokoe washiriki.* Nami nikahesabu. Mabati yalikuwa yanalia kwa joto. Mtu akakohoa, halafu akajuta kukohoa. Nilipofika kumi na tisa, mwanamke mmoja akavuka.

Jina lake Resian. Alikuwa na umri wa miaka thelathini hivi, na Isinya yote ilimjua kwa sababu ya maziwa. Kila asubuhi alisimama karibu na barabara kuu na mitungi miwili, akiwauzia wenye hoteli, walimu na akina mama wenye watoto. Alikuja kwenye warsha kwa sababu kanisa lilimchagua. Alisimama ng'ambo ya mstari peke yake, mikono imefumbatana, na watu ishirini na sita wakamtazama kutoka upande ule mwingine.

Nilipiga makofi. Nilikuwa na furaha ya kweli, nakiri. "Hongera, mama! Hebu tuambie, unajisikiaje?"

"Nasikia baridi," akasema.

Ilikuwa saa nane mchana chini ya mabati. Niliwaambia wote wampigie makofi matatu, wakapiga.

Jioni niligawa fomu za tathmini. Kwa wale wasiosoma zilikuwa na nyuso tatu: unaocheka, ulionyamaza na unaolia. Watu ishirini na saba walitia alama kwenye uso unaocheka. Wa ishirini na nane alikuwa anaangalia mbuzi.

Njiani kurudi Kitengela Phylis alinisomea sentensi ya kwanza ya ripoti yake. "Mshiriki mmoja alitoka, mmoja alitolewa."

"Badilisha hiyo."

"Niandike nini?"

"Andika washiriki walifunguka."

Akaandika. Alikuwa na mwandiko mzuri sana.

Ripoti ilimfurahisha Mburu, mkubwa wetu wa ofisi ya Kajiado, akaipeleka kwa wafadhili. Wafadhili nao wakafurahi, wakasema wangependa kuja mwezi wa tisa kuona warsha kwa macho yao. Mburu akaniita. Aliniambia warsha hiyo itafanyika Kajiado mjini, itakuwa kubwa, na kwamba nimlete yule mama. "Yule aliyevuka. Atoe ushuhuda. Dakika kumi, si lazima zaidi." Akanipa gari la ofisi nimfuate.

Nilifika Isinya asubuhi katikati ya mwezi wa nane. Pale karibu na barabara, mahali pa Resian, palikuwa na mtu mwingine na mitungi mingine. Nikaenda kwenye kibanda cha mboga cha Nashipae. Nilimkuta anafunga sukuma wiki, nikamsalimu kwa Kimaasai.

"Takwenya, Nashipae."

"Iko," akaitikia bila kuinua macho.

"Namtafuta Resian wa maziwa."

"Wa maziwa gani? Maziwa yake siku hizi inakunywa ndama na mbwa."

"Kwa nini?"

Hapo akaniangalia. "Mwalimu, si ulimtoa mbele ya watu? Watu wanasema ako na hiyo kitu. Hoteli zilikataa. Walimu wakakataa. Hata mtu wa kwanza kusema ni mwalimu wa nasari."

"Lakini mimi niliuliza nani amepimwa! Sikuuliza nani mgonjwa. Kupimwa si kuugua. Nilifundisha hiyo asubuhi yote."

"Asubuhi tulikuwa tunalia kama paka," Nashipae akasema. "Mchana yeye akatoka mbele. Kutoka mbele ni kutoka mbele."

Nikaacha gari hapo na kwenda kwa miguu, labda ili nichelewe kufika. Nyumba ya Resian ilikuwa ya mabati, yenye boma la ng'ombe upande wa nyuma na mitungi imegeuzwa juu chini kwenye ua. Alinikaribisha bila kushangaa. Akaniwekea kigoda, akaingia jikoni, akatoka na kikombe cha chai iliyojaa maziwa, nzito, ya rangi ya udongo wa kule, akanipa.

Nitasema ukweli hapa, kwa sababu hakuna fomu. Nilipokipokea kikombe kile mkono wangu ulisimama. Haikuwa muda mrefu, labda kama mtu anayesubiri chai ipoe. Mimi, niliyechora picha ya kikombe kwenye karatasi kubwa na kukipigia mstari wa kijani, maana yake salama, nikiwa na fulana ya shirika kifuani, niliangalia ukingo wa kikombe kutafuta ni upande gani haujaguswa na mdomo.

Resian aliona. Alikuwa ameona watu wengi wakifanya hivyo tangu mwezi wa tano.

"Kunywa, mwalimu," akasema. "Si wewe ndiyo ulifundisha?"

Nikanywa. Nilikunywa vikombe vitatu, cha kwanza kikaniunguza ulimi. Kisha nikasema nimekuja kumwomba msamaha.

"Umekuja na gari ya ofisi kuomba msamaha?"

Nikamweleza habari za Kajiado, wafadhili na dakika kumi. Nilivyokuwa nikieleza nilijisikia mwenyewe, na bado niliendelea mpaka mwisho. Hakukasirika. Aliniambia mambo kwa utaratibu, kama mtu anayetaja ng'ombe wake. Mumewe, Samuel, alikuwa askari wa lango Nairobi. Habari zilimfikia huko kabla ya wiki kuisha. Alikuja, akalala kwa mama yake siku mbili bila kuingia nyumbani kwake. Resian alikuwa amepimwa kliniki, mwaka uliopita, akiwa na mimba ya mtoto wa mwisho. Nesi alimwomba akakubali. Majibu aliambiwa kwa mdomo.

"Hukupewa karatasi?" nikauliza. "Tungeonyesha watu."

"Hata kama ningepewa, ningeonyesha nani? Niivae shingoni?"

"Basi mbona ulivuka, mama? Hakuna mtu aliyekulazimisha." Hata mimi nilijua hiyo si kweli, lakini nilikuwa nimezoea kuisema.

"Ulikuwa umesimama pale peke yako unatuangalia," akasema. "Unangoja, unangoja, hakuna mtu anakujibu. Nikaona aibu imekushika. Nikakuonea huruma."

Ndama alikuwa anakwaruza mlango wa boma.

"Na wewe," akasema, "umepimwa?"

"Mimi?" Nilicheka kidogo, peke yangu. "Sisi tunahamasisha."

"Nimeuliza kama umepimwa."

"Bado."

Akachukua kikombe, akakiosha mbele yangu, polepole, akakifunika. "Enda upimwe," akasema. "Halafu urudi kanisani. Mimi nitauliza maswali. Hiyo ya Kajiado siendi."

Kituo cha kupimwa kilikuwa Kajiado mjini, chumba safi chenye pazia la bluu. Mimi mwenyewe nilikuwa nimewaelekeza watu huko zaidi ya mara mia moja, kwa mkono ulionyooka. Mara ya kwanza nilifika mlangoni, nikasimama kusoma matangazo ukutani. Niliyasoma yote, hata la chanjo ya polio, nikapanda gari nikarudi. Mara ya pili nilikuta watu watano kwenye benchi, mmoja wao alikuwa mshiriki wangu wa zamani kutoka Oltepesi, akaniamkia kwa furaha: "Mwalimu! Umekuja kutuona?" Nikasema ndiyo. Nikawapa hotuba ya dakika kumi kuhusu ujasiri, wakanishukuru, nikaenda zangu.

Ndanu nilimwambia nilikwenda Kajiado kununua betri za redio. Nilinunua kweli, ili isiwe uongo.

Mara ya tatu niliingia. Mshauri alikuwa binti wa miaka kama ishirini na mitano, jina lake Katee. Alifunga mlango. Aliniuliza kama niko tayari kuongea, akaniambia swali lolote nisilopenda nisilijibu. Alinitazama kidogo, akaangalia pembeni, akanipa nafasi. Hakuhesabu mpaka thelathini. Na bado, nikingoja majibu kwenye kile chumba, mimi mtu mzima mwenye cheti, nilisikia baridi, na jua la nje lilikuwa la kupasua mawe. Nilimkumbuka Resian na makofi yale matatu.

Nilipata majibu yangu, nikashukuru, nikatoka.

Jumapili ya kwanza ya mwezi wa tisa nilirudi Isinya, bila gari la ofisi na bila Phylis. Kanisa lilikubali kutupa nusu saa baada ya ibada. Mzee Sankale ndiye aliyeamua mpangilio: wanawake walikaa mbele, wanaume nyuma, yeye mwenyewe akakaa karibu na mlango kabisa, mgongo umegeuka kidogo, ili kama mazungumzo yakiharibika asiwe na safari ndefu. Mpangilio huo ulichukua dakika mbili. Mimi na mwongozo wangu tulikuwa tumeshindwa kuufikiria kwa siku nzima.

Nilikuwa nimemwomba Resian jambo moja kabla hatujaingia. "Niruhusu niwaambie watu kwamba wewe ni mzima. Neno moja tu, yaishe."

"Hapana."

"Lakini ndiyo itakusaidia!"

"Ukisema mimi ni mzima," akasema, "kesho mtu akinyamaza, watasema yeye ni mgonjwa. Wacha hivyo."

Basi nikasimama mbele, sina karatasi wala kalamu nene. Niliwaambia kwamba nilikuja mwezi wa tano nikawauliza swali ambalo si la kuulizwa mbele ya watu. Niliwaambia kupimwa ni kama kuangalia ng'ombe kabla hajaugua, na kwamba aliyepimwa hajasema chochote zaidi ya kwamba amepimwa. Resian akasimama upande wa pili. Alikuwa amevaa vizuri, shanga zote.

"Mwalimu, wewe umepimwa?"

"Nimepimwa."

"Ulienda Kajiado mara ngapi?"

"Tatu."

"Mara ya kwanza ulifanya nini?"

"Nilisoma matangazo." Wanawake wakacheka.

"Ya pili?"

"Nilikuta watu. Nikawahubiria, nikarudi." Wakacheka zaidi, na nyuma nikasikia wanaume nao.

"Ya tatu?"

"Niliingia."

"Uliogopa?"

Hapo nikakwama. Resian akangoja. Alingoja vizuri kuliko mimi, bila kuniangalia usoni, akirekebisha shuka yake. Hakuna mtu aliyevuka kuja kunisaidia. Nilimtazama mzee Sankale kule mlangoni, akaangalia nje.

"Niliogopa," nikasema. "Niliogopa sana."

"Watu wangapi walikuwa wanakuangalia?"

"Hakuna. Mlango ulifungwa."

"Haya," Resian akasema.

Nilidhani sasa ndiyo nafasi ya kumaliza vizuri, kishujaa. "Na majibu yangu yalikuwa—"

"Wacha!" Sauti yake ilikuwa kali kwa mara ya kwanza. "Hiyo hatujauliza. Hiyo ni yako."

Mzee Sankale akainuka, akaja mpaka katikati. "Mwalimu leo amesema vizuri," akatangaza. "Amesema kidogo." Akafunga mkutano kwa maombi, marefu.

Ungetegemea kwamba Isinya yote ilikimbilia maziwa ya Resian Jumatatu asubuhi. Walimu wawili walirudi. Akina mama watatu hivi walirudi pia, mmoja akiwa na aibu mpaka akamtuma shemeji yake. Mwenye hoteli kubwa ya hapo hakurudi. Alisema ameshazoea maziwa ya yule mwingine. Samuel alikuja mwisho wa mwezi akaingia nyumbani kwake moja kwa moja, na hayo mengine ni yao.

Mimi nilipata faida nyingine. Kwa vile nilizuiwa kutaja majibu yangu, watu waliyataja wenyewe. Ndani ya siku tisa habari zilikuwa zimepanda barabara mpaka Kitengela kwamba yule Mkamba wa Ukimwi anao. Mwenye duka jirani, ambaye kwa miaka mitatu alikuwa akinipa mkono, alianza kuniwekea chenji juu ya kaunta. Mtu kanisani alinipa nafasi kubwa kwenye benchi, nikakaa kama askofu. Kila mahali watu walikuwa wapole kwangu, wapole wa kutisha.

Ndanu alizisikia sokoni, kutoka kwa mwanamke aliyekuwa akimpimia nyanya. Alirudi nyumbani mchana, akaweka kikapu chini, akaketi.

"Mwanzia, niambie sasa, nikiwa nimeketi."

Nikamwambia yote, na majibu pia, kwa kuwa yeye ndiye mwenye haki ya kuyajua. Wewe unayenisikiliza utanisamehe. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema jambo ambalo sikulitarajia. Majibu hayakumkasirisha.

"Mara tatu," akasema. "Ulienda mara tatu. Isinya yote inajua bwana yangu aliogopa sana, wamekaa kanisani wakasikia. Mimi nimekaa hapa na betri."

"Sikutaka kukusumbua."

"Wewe? Wewe kazi yako si ni kusumbua watu?" Akainuka, akaanza kutoa nyanya kwenye kikapu moja moja. Nyingine aliipasua kwa kuishika. "Alhamisi twende wote. Na mimi nataka kuingia."

Tulikwenda. Aliingia peke yake kwanza, na mimi nikakaa kwenye benchi nikatazama pazia la bluu, sina hotuba. Katee alipofungua mlango alituita wote wawili, nikaingia.

Warsha ya wafadhili ilifanyika Kajiado kama ilivyopangwa. Nilikataa Vuka Mstari, nikakataa wanyama, nikawaacha watu wakae na waliotaka kukaa nao. Hakukuwa na ushuhuda. Watu waliuliza maswali mengi ya kawaida, hasa kuhusu maziwa ya mama na sindano za ng'ombe, na mzungumzaji bora alikuwa mkunga wa miaka sabini. Mmoja wa wafadhili alilala, kwa starehe kabisa, katika duara la ndani. Baadaye Mburu aliniambia warsha ilikosa mguso. Mwezi wa kumi akanihamishia upande wa barabara ya Magadi, Kona Baridi mpaka Oltepesi, eneo alilosema lina changamoto zinazohitaji mtu mzoefu kama mimi. Phylis alinifuata kwa hiari yake. Alisema ripoti za warsha zangu sasa ni fupi.

Resian hakungoja Isinya imkumbuke. Alikuja kwangu Kitengela siku moja na mtungi, akaniuliza kama namjua mwanamke mkweli anayeweza kuuza maziwa pale mjini. Kitengela ilikuwa inajaa watu wapya kila mwezi, watu wasiojua nani alivuka wapi. Nilimtaja Ndanu. Sikuwa na mwingine. Walikubaliana wao wenyewe jikoni bila kuniita, na kufikia Krismasi mitungi ilikuwa minne. Yule mwenye hoteli wa Isinya alituma ujumbe kwamba sasa yuko tayari kununua tena. Resian akamjibu kwamba maziwa yameshapata wenyewe.

Siku hizi akileta mzigo hukaa na Ndanu saa nzima, wakinywa chai na kucheka, wakati mwingine mpaka wanajifuta machozi. Nikiingia wananyamaza. Nasema tu "Takwenya," Resian anajibu "Iko," nachukua koti langu mlangoni na kwenda kutafuta pa kukaa.